Simba Hakuingia, Ng'ombe Ndio Waliotoka

Simba anapofika kwenye boma la ng'ombe usiku, mara nyingi haingii ndani. Hana haja ya kuingia. Anazunguka kwa nje mpaka ng'ombe wapate harufu yake, au ananguruma karibu na miiba, basi. Ng'ombe wanakurupuka, wanajazana upande wa pili, wanasukumana mpaka boma linapasuka, kisha wanatawanyika gizani. Huko gizani ndiko anakowachukua. Kukipambazuka watu husema simba kavunja boma. Lakini inama uitazame ile miiba: imelalia nje, na manyoya yamenasa upande wa ndani. Waliovunja ni ng'ombe wenyewe.

Jambo hili nililisikia kwanza kwa wazee wa Kimaasai wa Simanjiro, na tangu hapo halijanitoka akilini, kwa sababu nimeona nyumba za watu zikivunjika vivyo hivyo. Baba anasikia fununu kwamba kazini watapunguza wafanyakazi. Kabla ya barua yoyote kutoka, ameuza kiwanja kwa bei ya kutupa, amegombana na mkewe, amemhamisha mtoto shule. Fununu inapita, kazi inabaki, kiwanja hakirudi. Hatari ilikuwapo, siikatai. Simba ni simba. Ila hasara ilifanywa na waliokuwa ndani, kwa kukimbia bila kujua wanakimbilia wapi.

Ninaishi Magugu, kando ya barabara iendayo Babati kutoka Arusha, katikati ya Hifadhi ya Tarangire na ile ya Ziwa Manyara. Nafuga kuku, mbuzi na ng'ombe wachache wa maziwa. Kwa mtu wa huku uzio si pambo. Fisi tunawasikia karibu kila usiku, chui hupita, na wanyama wadogo wala kuku hawahesabiki. Wafugaji wengi ninaowajua hawana fedha za ukuta wa matofali wala za waya wa umeme, na bado wapo ambao mifugo yao hulala salama mwaka hadi mwaka. Nimewachunguza sana hawa. Hawajawazidi wenzao kwa mali. Wamewazidi kwa kujua nani anakuja, na kwa kwenda kuutazama uzio wao kila siku.

Nianze na hilo la kujua nani anakuja. Jirani yangu mmoja, mzee wa Kimbulu aliyefuga mbuzi maisha yake yote, ana desturi ambayo haigharimu hata shilingi. Jioni, mbuzi wakishaingia, anakata tawi lenye majani na kulifagia vumbi lote la kuzunguka zizi mpaka liwe laini. Alfajiri anazunguka kusoma. Fisi anaacha alama za kucha, na unyayo wake wa mbele ni mkubwa kuliko wa nyuma. Chui hana kucha kwenye alama yake, maana anatembea amezirudisha ndani; unaona mviringo safi, kama kikombe kilichogandamizwa. Nyegere ana kucha ndefu za mbele ambazo huchora ardhi mbali kidogo na vidole. Nguchiro anaacha vijialama vyepesi ambavyo usipoinama huvioni. Mzee anasoma, anatazama alisimama wapi na kunusa wapi, kisha ndipo anachukua panga na waya kwenda kuziba hapo.

"Mwanangu," aliniambia, "usinunue waya wa mnyama usiyemjua."

Wengi wetu tunajenga kwa kumwogopa mnyama mkubwa. Tunaota simba, tunazungusha nguzo nene, halafu kuku wanaisha mmoja mmoja kwa kicheche aliyepita chini ya mlango. Na kila mnyama ana njia yake. Fisi husukuma kwa kifua, hutafuna, huchimba. Chui hachimbi, anaruka au anapanda, kwa hiyo uzio mrefu usio na paa haumzuii kuwafikia mbuzi. Nyegere ana nguvu kupita umbo lake: hung'oa mbao, hupasua wavu mwembamba, huchimba kwa kasi ya ajabu. Kanu na nguchiro hawavunji kitu, wanatafuta upenyo, na mahali unapoweza kuingiza vidole vitatu panawatosha wadogo wao. Kenge anataka mayai. Mwewe anatoka juu mchana kweupe. Ukiweka kinga moja kwa wote hawa umetupa fedha.

Nikitazama maisha ya watu wa rika langu naona hivyohivyo. Tunaomba dua dhidi ya ajali kubwa, tunakesha tukiogopa wezi wenye silaha, na huku fedha za nyumba zinaondoka kwa mikopo midogo ya simu, kwa michango ya sherehe ambayo hatukuweza kuikataa, kwa deni la duka lisiloandikwa popote. Mambo haya hayapigi kelele. Lakini yakisomwa asubuhi kama mzee yule anavyosoma vumbi, yanaonekana yalipoingilia.

Sasa niseme kwa undani kidogo jinsi mtu mwenye fedha kidogo anavyoweza kujikinga, maana tafakari isiyomsaidia mtu kuokoa kuku wake huku kwetu haina maana.

Ule wavu mwembamba wa matundu ya pembe sita uuzwao madukani kwa jina la wavu wa kuku hufanya kazi moja tu: kuwazuia kuku wasitoke. Anayeingia haumzuii. Kwa banda la kulala, tafuta wavu mzito wa waya uliochomelewa, wenye matundu madogo, hata kama utatosha futi tatu za chini tu, na juu yake ukamalizia kwa wavu wa bei nafuu au fito zilizobanana. Kisha usiuishie wavu wako kwenye usawa wa ardhi. Acha kama nusu mita ya chini uikunje kuelekea nje, ilale juu ya udongo, uikandamize kwa mawe. Majani yataota kati yake na baada ya msimu mmoja huuoni tena. Mnyama mchimbaji hufika mpaka mguuni mwa ukuta ndipo anaanza kuchimba. Hapo anakutana na waya chini ya miguu yake. Hana wazo la kurudi nyuma hatua mbili akaanzie huko. Kazi hii inafanywa kwa mkono, bila fundi, na inakuokolea kuchimba mtaro wa kufukia wavu kuzunguka banda zima.

Mbuzi, mahali penye chui, walale chini ya paa. Hata paa la fito nene zilizofungwa sawasawa linafaa kuliko uzio wa futi nane ulio wazi juu.

Kwa ng'ombe, habari inarudi kwenye boma. Miiba ya migunga imelinda mifugo ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, siidharau. Lakini ina udhaifu wake. Mwaka 1898, reli ya kwenda Uganda ilipokuwa ikijengwa, simba wawili wa Tsavo waliwaua vibarua kwa miezi mingi. Kambi zilizungushiwa maboma ya miiba, mioto ikawashwa, na bado walipata pa kupenya, mpaka mhandisi John Henry Patterson alipowaua mwezi Desemba. Miiba iliyokatwa huanza kunyauka siku hiyohiyo. Mchwa wanaipanda, mvua inaioza, ng'ombe wanaiegemea, na kila baada ya muda lazima vijana warudi porini kukata migunga mingine. Boma la namna hiyo linaomba kazi ileile kila mwaka, na kila mwaka msitu unasogea mbali zaidi.

Upande wa mashariki wa Tarangire, kwenye vijiji vya Simanjiro, nimeona njia nyingine. Shirika la African People & Wildlife, likishirikiana na wafugaji wa huko, limeeneza maboma hai: badala ya nguzo kavu, unapanda matawi ya miti inayoota kwa urahisi, yakiwa yamekaribiana, kisha unafunga wavu wa fensi kwenye shina zake. Mfugaji huchangia sehemu ya gharama. Mti unaotumika ni wa jamii ya Commiphora, ndugu wa mti utoao manemane. Ule ambao Wamaasai huuita osilalei ni mmojawapo. Nguzo kavu inaliwa na mchwa. Nguzo hai inashika mizizi na kunenepa, na kila mvua inaiongezea nguvu. Ng'ombe wakikurupuka usiku na kulisukuma boma kutoka ndani, wanakutana na miti iliyoshika ardhi na waya usiopasuka. Wanabaki ndani. Simba anazunguka, anachoka, anaondoka.

Niliwahi kushiriki kupanda boma la namna hiyo, na nilijifunza mengi kwa mzee aliyekuwa akituongoza. Alichagua matawi ya unene wa mkono, marefu kuliko mtu. Kabla ya kulikata tawi alilichora kwa mkaa upande wa juu. Nilipomuuliza, alisema tawi likipandwa kichwa chini halishiki, na yakishalala chini yote hufanana. Hakuyapanda siku ileile. Aliyalaza kivulini mpaka donda la panga likakauka, ili yasiozee udongoni. Mashimo tuliyachimba kwa mtaimbo, kina cha kufika gotini, tukashindilia udongo kwa kisigino. Waya hakuturuhusu kuuzungusha na kuukaza kwenye shina. "Mti utanenepa," alisema, "mtaukaba." Tukaupigilia kwa misumari ya fensi, huku tukiacha nafasi.

Kijana mmoja akashika tawi lililopandwa siku chache kabla, akalitikisa kuona kama limeanza kushika. Mzee alimzuia kwa upole: "Hapana, baba. Ukilitikisa kila siku halitashika kamwe. Liache, majani yatakuambia."

Nadhani hakuna neno la malezi lililonifaa kuliko hilo. Nina watoto. Najua tamaa ya mzazi ya kumwuliza mtoto kila jioni amepata alama ngapi, amekuwa wa ngapi, na ile niliyomwonya jana ameishika. Najua pia ndugu wanaoanzisha biashara na kuifunga mwezi wa tatu kwa kuwa faida haijaonekana, na vijana wanaochumbiana ambao kila wiki wanapimana uaminifu kwa mitego. Vitu vinavyoota vinahitaji kuachwa. Lakini kuachwa huku si kutelekezwa: mzee yule aliwafukuza mbuzi wasile machipukizi, alimwagia maji pale ukame ulipozidi, alibadilisha tawi lililokufa. Alichokataa ni kuugusa mzizi.

Na si kila kiotacho kinafaa kuwa uzio. Laikipia, kule Kenya, dungusi kakati iliyotoka Amerika ilipandwa zamani za ukoloni kama ua na pambo. Leo imetapakaa malishoni kwa maelfu ya ekari; mbuzi wanaokula matunda yake huchomwa na vimiiba mdomoni na tumboni, na ardhi iliyofunikwa nayo hailishi tena. Uzio umekula malisho ya mifugo uliyopaswa kuilinda. Kwa hiyo ukitaka ua wa mimea, tumia ule ambao kijiji chako kimeishi nao miaka mingi: michongoma yenye miiba kwa upande wa barabara, minyaa mahali ambapo watoto hawachezi, kwa kuwa utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Kuna watu hujilinda kwa ukali, kwa siri, kwa kutomwamini yeyote, na kinga hiyo huota vizuri sana mwaka wa kwanza. Nimewatembelea watu wa namna hii uzeeni mwao. Hakuna aliyewadhuru, na hakuna anayekuja.

Mwanga nao una nafasi yake. Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, upande ambao wanyama hupita bila kizuizi, mtoto aitwaye Richard Turere alipewa kazi ya kulinda ng'ombe wa baba yake. Alijaribu moto, ukamsaidia simba kuona. Akasimamisha sanamu ya mtu; siku ya kwanza simba walirudi nyuma, siku ya pili wakajua kuwa haitembei. Ndipo akagundua kwamba usiku anapozungukazunguka na tochi hawaji. Akachukua betri kuukuu ya gari, kisanduku cha kuwashia indiketa za pikipiki, balbu za tochi na paneli ya jua, akatengeneza taa zinazowaka na kuzimika kwa kupokezana kuzunguka boma. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alilieleza jambo hilo jukwaani California, na taa za namna hiyo zimesambaa sehemu nyingi. Mimi kinachonigusa ni kwamba mtoto huyu hakuwa na fedha za kumzidi simba. Alikaa akamsoma simba. Alijua kwamba simba hujifunza, akajua anajifunza kwa kutazama nini.

Lakini hata uzio bora kuliko wote haumlindi mbuzi aliyebaki porini. Mifugo iliyopotea machungani ikalala nje huliwa kwa urahisi usiku. Kwa hiyo kuhesabu jioni ni sehemu ya uzio. Mama mmoja wa jirani hahesabu kwa namba. Anawajua mbuzi wake kwa rangi na kwa mama zao, na akikosekana mmoja anajua ni mtoto wa nani na alipenda kuchelewa wapi. Kijana wake hutumwa hapohapo, kabla giza halijaingia. Hajawahi kujenga kitu cha kupigwa picha, na mbuzi wake hupungua kwa kuuzwa tu. Nikimwangalia nafikiria jinsi nyumba nyingi zilivyo na geti la chuma na mlinzi, na hakuna anayejua kijana wa tatu wa nyumba hiyo yuko wapi saa nne usiku.

Liko na jambo la huruma, na hili nalisema kwa moyo wote. Tanzania ndiyo nchi yenye simba wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Wakati wa mvua, nyumbu na pundamilia wa Tarangire hutoka hifadhini kwenda kuzaa kwenye tambarare za Simanjiro, na simba huwafuata, wakapita katikati ya watu. Hawakuja kututafuta. Mfugaji aliyeamka na kukuta ng'ombe wake wameuawa ana uchungu wa haki, na wengine uchungu huo huwapeleka kupaka sumu ya shambani kwenye mzoga. Sumu haichagui. Anakufa fisi, anakufa mbweha, wanaanguka tai waliokuja kula, anakufa mbwa wa mwenye ng'ombe. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa hasara ya mali na kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kufiwa, na anayestahili aende akadai. Ila kifuta jasho ni kifuta jasho. Hakirudishi mtamba uliyemlea.

Uzio mzuri huzuia kisasi kabla hakijazaliwa. Mifugo ikilala salama, mfugaji hana sababu ya kumchukia simba, na simba akikosa anarudi kwa pundamilia wake. Nimewaona wazee wa Simanjiro wakimsikia simba akinguruma mbali, wakanyamaza kidogo wakisikiliza, kisha wakaendelea na mazungumzo ya mahari. Amani ya namna hiyo na jirani mwenye nguvu haikupatikana kwa kumpenda tu, wala kwa kumuua. Imepatikana kwa mpaka ulio wazi, uliojengwa vizuri, unaotunzwa. Ninatamani tungeishi hivyo na ndugu zetu wagumu pia: kumwekea mtu mpaka bila kumwekea sumu.

Ndugu msomaji mwenye mbuzi wachache na kuku wa kienyeji, usisubiri uwe na fedha za kuzungushia eneo lote. Zungushia mahali pa kulala tu. Mchana mchungaji na mbwa wanatosha. Fanyeni kwa msaragambo, boma la huyu wiki hii na la yule wiki ijayo, na bunda la waya mnunue kwa pamoja mgawane. Kata matawi mwezi mmoja kabla ya vuli au masika, yakauke donda, yapandwe mvua ikiingia. Na kama fedha yako mwaka huu inatosha kitu kimoja, anza na mlango, kwa sababu ndipo pengi panapoachwa pa kufungwa kwa kamba na tawi la mwiba. Tengeneza wa bati la pipa lililopasuliwa au wa mbao zilizobanana, ushuke mpaka ardhini, uwe na komeo ambalo mnyama hawezi kulisukuma. Matawi ya kupanda mwombe jirani ambaye boma lake limeshaota. Hakuna mfugaji atakayekunyima.